Kivinjari kimenifedhehesha mbele ya mama mkwe!

Mwana wa Mbagala:
Ndugu zangu, sitakitaja kivinjari hicho kwa jina, kwa maana hakuna asiyekijua, na nusu yenu mnausoma uzi huu kwa kukitumia. Jioni hii mama mkwe, aliyewasili kutoka Tanga, aliomba kusikiliza mawaidha, nami nikafungua kompyuta nikiwa na hakika kwamba uBlock Origin, kile kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo, inalinda heshima ya nyumba. Kumbe kivinjari kilikuwa kimejisasisha na kuizima bila kuniuliza! Sheikh hajamaliza bismillahi, sauti iliyosikika hadi Chamazi ikatangaza dawa ya nguvu za kiume. Mbele ya mama mkwe!

Wenye kivinjari wanadai kwamba mabadiliko haya yameletwa kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani, ikiwa mama mkwe ameinamisha uso na kujifunika mtandio? Zamani kiendelezi kiliweza kuchunguza kila ombi la mtandao na kulikata kabla tangazo halijapakuliwa. Katika utaratibu mpya uitwao Manifest V3, kiendelezi huwasilisha kanuni zake mapema, kisha kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia au kuruhusu. Bando ninanunua mimi, nalo limeliwa na tangazo lililokuja kunivunjia heshima. Tangu hapo mama hajatamka neno ila kuomba maji. Dawa ya nguvu za kiume, jamani, mbele ya mama mkwe!

Fundi wa Msimbazi:
Pole, mleta uzi, lakini mpango huo ulitangazwa tangu 2018, na viendelezi vya zamani vikaanza kuzimwa 2024. Ulikuwa wapi? Hamia kivinjari cha Firefox, ambacho bado kinaikubali uBlock Origin kamili, hata kwenye simu za Android. Brave nayo huzuia matangazo bila kuongezewa kiendelezi.

Binti Tandika:
Matangazo hufuata mambo ambayo mtu amekuwa akiyatafuta. Nadhani mama mkwe sasa anatafakari hilo.

Mwana wa Mbagala:
Dada yangu, sijatafuta dawa yoyote! Mama yupo sebuleni hadi sasa!

Mkazi wa Sinza:
Afadhali wewe unaiona video. Mimi nilihamia Firefox kwenye kompyuta ya mfumo wa Linux (badala ya Windows), na filamu ninazozilipia zinakuja na ukungu, kwa sababu Widevine, inayolinda hakimiliki, hufanya kazi huko kwa programu tu bila ulinzi wa maunzi (vifaa vya ndani ya kompyuta), na huduma nyingi za filamu hazitoi picha ya ubora wa juu katika hali hiyo. Nalipa kama wengine, naonyeshwa vivuli!

Mvuvi wa Kigamboni:
Hayo ni madogo. Kompyuta yangu ya zamani ikifungua video ya AV1, ule mtindo mpya wa kubana video, inaunguruma na kupata moto kiasi cha kuchomea mihogo. Nimelazimika kuizima AV1, nirudi H.264, mtindo wa zamani.

Mkazi wa Sinza:
Ukirudi H.264 bando litateketea, kwa kuwa AV1 hubana video zaidi kwa ubora uleule.

Mvuvi wa Kigamboni:
Bando nitanunua tena. Kompyuta ikiungua, utaninunulia wewe?

Binti Tandika:
Fundi, nataka kununua kompyuta mpakato ya mtumba Kariakoo. Nitajuaje kwamba inaimudu AV1?

Fundi wa Msimbazi:
Kwa kompyuta zenye kichakataji cha Intel, tafuta kizazi cha 11 kwenda mbele. Hizo hufungua AV1 kwa maunzi. Usikubali kuambiwa na muuzaji kwamba kichakataji chochote cha Intel kiitwacho i7 kinatosha, bila kujali kizazi.