Nabuni gemu ya bodaboda, inageuka kuwa ya hesabu

Wakuu, nipo Kampala, natengeneza gemu ya simu ya bodaboda. Tatizo nimekulia kwenye omweso, bao letu la Uganda, na Civilization, gemu ya kompyuta ya kujenga dola, basi kila ninachogusa kinakuwa mkakati. Dereva wangu sasa ana deni, bima na bei ya mafuta. Jamaa aliyeijaribu akauliza, "Pikipiki inaondoka saa ngapi?" Nifanyeje?

Kete64: Mapenzi yako si ugonjwa, kaka. Eric Barone aliipenda Harvest Moon, mfululizo wa gemu za kilimo, hadi akatengeneza gemu yake ya shamba, Stardew Valley, peke yake, ikatoka 2016. Ila aliona pia ule mfululizo ulivyopoteza ladha. Wewe ni nini kinakuchosha kwenye Civilization? Anzia hapo.

Mama_Pikseli: Omweso una mashimo 32 na kete 64, hesabu tupu, lakini mchezaji haoni jedwali lolote. Anaona mkono unasambaza kete na macho ya mpinzani. Futa namba ya mafuta. Acha injini ikohoe akipanda kilima. Atajihesabia mwenyewe.

BodaWaNtinda: Deni litoe kabisa. La kweli linatutosha.

Muulizaji: Haha, sawa ssebo. Bima je, nayo?