Tovuti za "mifano ya sentensi" zimeniaibisha kwa mteja: Fabius, Fabii, Fabian, wote wametupwa kapu moja!

Wakuu, salamu. Nina hasira, mniwie radhi nikiruka herufi.

Mimi kazi yangu kutafsiri. Juzi nimepata makala ya Kiingereza kuhusu majemadari wa kale, na jina moja linajirudia humo kwa sura tatu: Fabius, Fabii, Fabian. Nikasema ngoja nione Waingereza wenyewe wanalitumiaje kwenye sentensi. Nikafungua tovuti moja (siitaji) inayojigamba kuwa na mifano ya kila neno.

Sentensi ya kwanza, Fabius, jemadari wa Roma, anapambana na Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyeivamia Italia. Ya pili, Fabius anaandika historia ya Roma. Ya tatu, Fabius aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa! Juu yao wameandika "jina la mtu", basi, wamemaliza kazi.

Jina la mtu gani? Hilo ni jina la ukoo! Wa Hannibal ni Quintus Fabius Maximus. Mwandishi wa historia ni Quintus Fabius Pictor. Hata Quintus wanalo wote wawili, kwa hiyo kinachowatenganisha ni lile jina la mwisho, ambalo tovuti imelikata. Ni sawa na mtu afike Moshi aseme "nimeonana na Mushi". Mushi yupi, ndugu yangu?

Nikaandika Fabii, ambao ndio wingi wa Kilatini, na Kiingereza huuacha hivyo hivyo ukimaanisha ukoo mzima. Tovuti ikaniuliza kama namaanisha Fabio. Hao Fabii, kwa simulizi ya Livy, mwanahistoria wa Kirumi, walitoka peke yao kama ukoo mwaka 479 KK kwenda kupigana na watu wa Veii, mji jirani wa Roma. Mwaka 477 KK wanaume 306 wakauawa pale mto Cremera, ukoo ukabaki na kijana mmoja tu. Halafu wewe unaniuliza Fabio!

Sasa njooni kwenye Fabian, hapo ndipo nilipochomeka. Makala ilisema George Washington alitumia mbinu ya "Fabian". Kwenye tovuti mifano imechanganywa: siasa, vita, na kijana fulani anaitwa Fabian anapenda mpira. Mingi ilikuwa ya Wafabiani, wale wasoshalisti wa London, na ndio hao hao ambao fikra zao Mwalimu Nyerere alikutana nazo akisoma Edinburgh, kwa hiyo neno ujamaa likanijia lenyewe. (Na Julius wake Mwalimu nalo ni jina la ukoo wa Kirumi, ila tuliache.) Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba Washington alikuwa mjamaa wa Kifabiani.

Washington alikufa 1799. Chama cha Wafabiani kilianzishwa 1884. Mteja amenipigia akicheka mpaka anakohoa.

Maana iliyotakiwa ilikuwa ya vita. Mwaka 217 KK Hannibal aliwaangamiza Warumi kando ya ziwa Trasimene, Fabius Maximus akapewa madaraka yote. Akakataa kupambana naye uso kwa uso. Akawa anamfuata kwa mbali, anakaa milimani, anamnyima chakula, anamchosha. Warumi wenyewe wakamdharau, wakamwita Cunctator, yaani mkawiaji. Mwaka uliofuata wakaingia vitani bila subira yake, wakachinjwa na Hannibal huko Cannae, kusini mwa Italia, ndipo wakamwelewa mzee. Washington naye, kwenye vita vya uhuru wa Marekani, aliwakwepa Waingereza hivyo hivyo. Na wale wa London walilichukua jina kwa sababu walitaka mabadiliko ya polepole, wakajichorea hadi nembo ya kobe.

Mnaona? Kisa ni kimoja, na kingeandikwa mistari miwili tu juu ya ile mifano, nani na lini, nisingeaibika. Lakini mashine imezoa sentensi huko mitandaoni kama mtu anayezoa dagaa na mchanga wake, na pembeni matangazo yanawaka.

Nimerudisha nusu ya malipo. Nusu iliyobaki inategemea hili, naomba wenye uzoefu mnisaidie: Fabii niandike "Wafabii" au "ukoo wa Fabius"? Naogopa nikiandika Wafabii msomaji atawachanganya na Wafabiani. Mteja anataka kazi kesho saa nne asubuhi. Na wa kuniambia "si uangalie mtandaoni", tafadhali pita kimya kimya.