Naomba ushauri: sufu nimeosha ila bado inanata

Wakuu habari zenu, wanaosokota uzi wenyewe naombeni msaada. Nina sufu mbichi ya kondoo, nimeiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo bila kuisugua maana ukisugua inashikamana, uchafu umetoka vizuri tu lakini ikikauka ncha zake bado zinanata vidoleni, yale mafuta ya asili ya sufu hayajaisha. Nasikia maji yakipoa mafuta yanarudi kwenye sufu, kweli? Sasa nirudie na maji ya nyuzijoto 60 hivi au niichane hivyohivyo nisokote, halafu nioshe uzi wenyewe? Naogopa meno ya brashi za kuchania yataziba. Kuunganisha nyuzi mbili kwa kusokota kinyume naweza, shida ni hapo tu. Nataka uzi laini wa sweta la mtoto, sufu hii nzuri mno jamani sitaki iharibike.