Dakika 12 kongamanoni: utafiti wa wasichana waliorudi shule baada ya kujifungua niuwasilisheje?

Mdau_SO3
Wakuu habari za majukumu. Niko mwaka wa tatu, sosholojia. Ikisiri ya tasnifu yangu imekubaliwa kwenye kongamano la mwezi ujao. Nilifanya mahojiano ya kina na wasichana 14 waliorudi sekondari baada ya kujifungua, shule mbili, wilaya moja. Kumi kati yao wanasema kilichokaribia kuwatoa tena shuleni ni kukosa mtu wa kubaki na mtoto, si michango wala kuchekwa. Nina dakika 12 za kuzungumza na 3 za maswali. Slaidi zimefika 27. Nikate wapi? Na picha za shule niweke?

Bi_Dodoso
Hongera sana mdogo wangu. Shusha hadi slaidi 9, na anza kwa kutoa sura ya pili yote. Mapitio ya maandiko yapate sentensi mbili. Tatizo dakika moja, mbinu moja na nusu, matokeo sita, maana yake kwa shule dakika mbili, mipaka ya utafiti dakika moja. Nusu dakika inayobaki italiwa na maikrofoni na kutafuta faili.

Andika utakayosema, maneno yasizidi 1,200, kisha usome kwa sauti umesimama, saa ya simu mbele yako. Ukisoma kimya utajidanganya, jicho lina mbio kuliko mdomo. Wengi hukatwa na mwenyekiti kabla ya kufika kwenye matokeo kwa sababu dakika saba zimeishia kwenye usuli.

Hiyo 10 kati ya 14 iache hivyohivyo, usiandike asilimia 71. Kwa watu 14, mmoja akibadili jibu asilimia inaruka kwa 7, na msikilizaji akiona asilimia anadhani umepima wilaya nzima.

Mwambao_77
Picha usiweke hata moja. Kuziba macho hakusaidii: nembo ya sweta na mwembe ulio mbele ya ofisi vinatosha kwa mtu wa pale. Tena ukikata picha ndani ya PowerPoint, sehemu uliyoikata inaweza kubaki ndani ya faili, na anayenakili slaidi kwenye kompyuta ya ukumbi akairudisha.

Jina bandia nalo si kinga. Angalia sentensi hii: "Neema (si jina lake), miaka 17, Kidato cha Tatu, mama wa mapacha, anaishi na bibi yake." Kipande kimoja kimoja hakina shida. Viunganishe, kwenye kata yenye sekondari moja, na mama wa mapacha ni mmoja tu. Toa mapacha, toa kidato, umri uwe "miaka 16 hadi 18". Kata usiitaje, wilaya ieleze kwa sifa zake tu.

Kisha fungua fomu ya ridhaa. Ikiwa imeandikwa "kwa ajili ya tasnifu tu", nukuu zao huna ruhusa ya kuzisema ukumbini. Ongea na msimamizi na kamati ya maadili kwanza. Na kwa walio chini ya miaka 18, hakikisha mzazi au mlezi aliridhia na msichana mwenyewe alikubali. Kimoja hakifidii kingine.

Mdau_SO3
Asanteni sana. Fomu inasema "tasnifu na machapisho ya kitaaluma". Namwandikia msimamizi leo aniambie kama kongamano linaingia humo. Kwenye usuli niseme sheria ilibadilika 2021, wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shule?

Wakili_Mtaani
Hapana, hapo utanaswa. Kilichotoka Novemba 2021 ni Waraka wa Elimu Na. 2, yaani agizo la wizara, si sheria. Waraka hufutwa kwa waraka mwingine bila kupita bungeni, na kwa utafiti wa haki hiyo ni hoja nzito, usiipite juujuu. Kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi hazikutaja mimba. Zilitaja makosa dhidi ya maadili, mimba ikaingizwa humo. Usiseme pia "Tanzania nzima": sekondari si jambo la Muungano, na Zanzibar waliruhusu wasichana kurudi tangu 2010.

Jambo lingine, waraka unatoa miaka miwili tangu mwanafunzi aache masomo. Wasichana wako 14 ni waliowahi kurudi. Waliopitwa na muda na walioshindwa kabisa hawamo, kwa hiyo yule aliyekosa kabisa mlezi wa mtoto hukumhoji. Litaje wewe kwenye mipaka kabla hujaulizwa.

Bi_Dodoso
Wakili kamaliza kabisa upande huo. Kwenye maswali, jiandae na hili: "Huku si kuhamasisha mimba?" Usigombane. Sema utafiti wako unaanzia mtoto akiwa tayari amezaliwa, kisha rudi kwenye data. Waraka umefungua mlango uleule kwa wote, lakini mwenye mtoto wa miezi mitano anayenyonya hawezi kukaa darasani saa moja asubuhi hadi saa tisa bila mapumziko ya kunyonyesha na mtu wa karibu wa kumshika mtoto. Hapo ndipo wasikilizaji wataona kutendewa sawasawa na kutendewa haki ni vitu viwili.

Na slaidi ya mwisho isiwe "Asanteni". Acha ile ya 10 kati ya 14 ukutani kwa dakika zote 3 za maswali.