Kilimo shadidi cha mpunga kwenye skimu ya zamu: kilo 3 za mbegu zinatosha ekari?

Jaruba_Nne
Wakuu, habari za majukumu. Ekari moja ya mpunga ndani ya skimu ya umwagiliaji, udongo mfinyanzi, zamu ya maji kila siku saba, mbegu SARO 5. Nataka kuacha kupandikiza kiholela nihamie shadidi, yaani mche mmoja mchanga kila shimo, nafasi pana, na maji ya kuingiza na kukausha. Naambiwa kilo 3 za mbegu zinatosha ekari nzima. Kweli? Na zamu ya siku saba haitaua vimiche vya siku kumi?

Mchavangaji
Zinatosha, piga hesabu. Nafasi ya sentimita 25 kwa 25 ni mashimo 16 kwa mita ya mraba. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo mashimo ni kama 65,000, mche mmoja kila shimo. Punje elfu moja za mpunga zina gramu 25 hadi 30, hivyo kilo 3 ni punje laki moja na ushee. Ziada ni ya zisizoota na ya kuziba mapengo.

Ila hesabu hiyo ni ya mbegu nzito tu. Koroga chumvi kwenye ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee, lichomoze juu kama ukubwa wa sarafu. Mimina mbegu; yanayoelea ni mapepe, yaani punje tupu, engua. Zilizozama zisuuze haraka kwa maji safi maana chumvi ikibaki inaua kiini. Loweka saa 24, kisha zifunike kwenye gunia lenye unyevu mpaka zichungulie ncha nyeupe. Kitalu kiwe tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 40, samadi iliyooza vizuri, usie nyembamba.

Siku_Kumi
Naongezea kwenye maji, ndiko swali lilipo. Zamu haiui vimiche. Kinachoviua ni jaruba (kipande cha shamba chenye kingo za kushika maji) lisilo sawa: bondeni vinazama, kwenye kichuguu vinakauka na magugu yanatawala. Maji yenyewe ndiyo kipimo. Ingiza sentimita 3, popote udongo unapochomoza kwangua kwa ubao upeleke penye shimo. Jaruba kubwa likikushinda, ligawe kwa vituta.

Hamisha miche ya siku 8 hadi 12, yenye majani mawili. Ikipita siku 15 machipukizi yanapungua, na hapo umebaki na nafasi pana bila faida yake. Usiivute: ichote kwa sepetu na udongo wake, ipande ndani ya nusu saa, kina sentimita 1 hadi 2. Mzizi ulale kama herufi L. Ukipinda kuelekea juu, mche unapoteza siku nyingi kuugeuza.

Siku saba kwa mfinyanzi ni zamu nzuri tu. Acha maji yanywewe mpaka nyufa nyembamba kama unywele. Nyufa za kuingia kidole zimezidi: mizizi inakatika na maji yanayofuata yanapotelea humo. Mpunga ukibeba mimba (suke likivimba ndani ya shina) hadi uchanue, usikaushe kabisa, kwa hiyo ongea mapema na chama cha watumia maji. Mwenye udongo wa chumvi asijaribu, kukausha kunaipandisha juu.

Mchavangaji
Na palizi! Maji yasiposimama, magugu yanafanya karamu. Kipalizi cha kusukuma kipite siku ya 10 baada ya kupandikiza, kirudi kila siku 10, mara tatu au nne, kwa urefu na kwa upana. Ndiyo maana kamba ya kupandia ina alama kila sentimita 25. Kuwe na maji sentimita 2 au 3. Pakavu, meno yanajaa udongo na kinagoma.

Jaruba_Nne
Asanteni sana. Uria je?

Siku_Kumi
Mfuko wa kilo 50, nusu machipukizi yanapoanza, nusu kabla tu ya mimba. Usiumwage juu ya maji yaliyosimama, naitrojeni inapaa hewani. Toa maji, mwaga, pitisha kipalizi kifukie. Palizi ya pili inaangukia hapohapo, kazi inakuwa moja.

Miche iliyobaki kitaluni usiitupe, ila ziba mapengo ndani ya siku saba. Ukiziba baadaye, vishina hivyo vinachelewa kukomaa. Ukivisubiri vingine vinapukutika, usipovisubiri unavuna punje mbichi zinazokatika kinuni.