Tupeane uzoefu: drili na vifaa vingine vya betri vya kazi za nyumbani, ulivipataje kwa bei nzuri?

Mwalimu wa Kiamunyi, Nakuru

Wenzangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kununua vifaa vya betri kwa kazi za nyumbani: drili, misumeno, grainda, mashine za kupunguza ua na kadhalika. Ninaowalenga ni sisi ambao hatuishi kwa ufundi, bali tunataka kutundika rafu, kufunga vyuma vya mapazia, kukaza bawaba za mlango wa banda la kuku na kurekebisha kitanda cha mtoto bila kumwita fundi kila mara. Tafadhali taja ulichonunua, bei uliyolipa na hali ya betri baada ya kuitumia kwa muda, kwa sababu sifa za mashine ikiwa mpya tunazipata za kutosha kwa wauzaji.

Nianze na yangu. Nilipokuwa nikitafuta drili hapa mjini, kila duka nililoingia niliuliza swali moja kabla ya kuuliza bei ya seti nzima: betri peke yake, nikija kuihitaji mwakani, mtaniuzia kwa shilingi ngapi, na je, mnayo hapa leo? Maduka kadhaa hayakuwa na betri ya akiba hata moja ya mashine walizokuwa wakizisifu, nami niliyaacha. Nilikonunua, seti ya drili ya volti 20, betri mbili za 2.0Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), chaja na sanduku ilikuwa shilingi 11,500, na betri moja peke yake ilikuwa shilingi 3,800. Ondoa betri mbili, na drili pamoja na chaja yake vinabaki na thamani ya shilingi 3,900 tu. Kwa hivyo kinachouzwa hasa ni betri. Baadaye nilinunua msumeno wa jigso wa kampuni hiyohiyo ukiwa mtupu, yaani bila betri wala chaja, na betri nilizokuwa nazo zinauendesha vizuri. Naamini anayenunua seti ya kwanza anachagua ukoo wa betri atakaoishi nao, na ni vyema auchague kwa uangalifu kuliko anavyoichagua drili yenyewe.

Seremala wa Kondele, Kisumu

Mwalimu amegusa kiini cha jambo. Mimi naomba nieleze kuhusu namba zinazoandikwa kwenye masanduku, kwa maana ndizo zinazowaponza watu wengi huku kwetu.

Kuanzia madukani kwenye Oginga Odinga Street hadi vibandani Kibuye, utakuta drili za bei ya chini zilizoandikwa 48V, 88V na hata 128V. Watu huniletea betri zake karakanani zikishachoka, nami huzifungua. Ukitoa skrubu za chini na kuinua kifuniko, unakuta seli tano za mviringo zilizolazwa bega kwa bega, zimeunganishwa kwa vipande vyembamba vya nikeli, na pembeni kuna kibao kidogo cha saketi ambacho mara nyingi kimepata madoa ya joto. Seli moja ya lithiamu ya aina hiyo ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli tano ni volti 18, na zikiwa zimejaa ni 21. Ili upate volti 128 ungehitaji seli zaidi ya 30, ambazo hazina pa kukaa ndani ya mpini wa drili. Namba hiyo kubwa, basi, ni ya kuvutia macho tu, na aliyelipa zaidi kwa sababu yake amelipia rangi ya stika.

Kwa hesabu hiyohiyo, usiongeze hata shilingi moja kwa sababu drili moja imeandikwa 20V na ya jirani yake 18V. Zote zina seli tano. Aliyeandika 20V alipima betri ikiwa imejaa na haina mzigo, na aliyeandika 18V alitumia wastani wakati wa kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa 12V na 10.8V, ambazo ni seli tatu.

Kinachostahili kulinganishwa ni wati-saa, yaani volti ukizidisha kwa Ah. Betri ya volti 18 yenye 2.0Ah inabeba wati-saa 36, ya 4.0Ah inabeba 72, na ya 5.0Ah inabeba 90. Mimi hugawanya bei kwa wati-saa. Betri ya Mwalimu ya shilingi 3,800 inatoka kama shilingi 105 kwa wati-saa moja. Nilipopata ya 4.0Ah ya ukoo huohuo kwa shilingi 6,000, kila wati-saa ilinigharimu kama shilingi 83, na hiyo ndiyo niliyoichukua ingawa bei yake ilionekana kubwa.

Halafu ipime kwa uzito. Betri ya 5.0Ah kwa kawaida ina seli kumi za 2.5Ah zilizopangwa jozi tano, na huwa na uzito wa takriban gramu 600 au zaidi kidogo, ilhali yenye seli tano huwa karibu nusu ya hapo. Ukipewa betri iliyoandikwa 6.0Ah na mizani inasema ni nyepesi kama ya 2.0Ah, irudishe palepale. Mizani ya sukari ya duka la jirani inatosha kwa kazi hii, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Mama wa Lurambi, Kakamega

Ahsanteni. Mwanangu anaishi Marekani, na alipotaka kuniletea seti ya DeWalt aliyoiona kwa bei ya punguzo mwezi wa Novemba, tuliketi kwenye simu tukapanga kwanza. Stima ya huko ni ya volti 120 na yetu ni ya volti 240, kwa hivyo chaja ya huko ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu utaiunguza. Nilimwambia aiache. Betri zenyewe hazina shida, kwa kuwa zile zinazoitwa 20V Max huko ndizo zinazouzwa kwingineko kwa jina la 18V XR, na zinaingiliana. Alikuja na drili, mashine ya kukaza skrubu kwa mapigo na betri mbili, nami nikanunua hapa chaja ya volti 240. Hata baada ya kuongeza gharama ya chaja, jumla ilikuwa chini sana ya bei niliyokuwa nimetajiwa kwa vifaa hivyo hapa nchini.

Wanaotarajia wageni kutoka ng'ambo wakumbuke jambo moja zaidi: betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayopakiwa chini ya ndege. Husafirishwa kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa ili zisigusane na chuma, na betri isiyozidi wati-saa 100 haihitaji idhini ya pekee ya shirika la ndege. Mwanangu alizifunga kila moja kwa mfuko wake wa plastiki, na walipozikagua walimpisha.

Fundi wa jipsamu, Kitale

Nyongeza fupi kuhusu ukoo wa betri. Jina moja la kampuni halimaanishi betri moja. Betri za volti 18 za Bosch ya kijani, iliyotengenezewa wenye nyumba, haziingii kwenye Bosch ya bluu ya mafundi. Makita nayo ina ukoo wa LXT wa volti 18, ulioanza mwaka 2005 na bado una vifaa vingi mno, lakini ina pia drili za bei nafuu zinazotumia betri zenye herufi G mwishoni mwa namba, na hizo haziingiliani na za LXT. Nenda dukani na betri yako mkononi, uichomeke kwenye mashine unayotaka, ndipo ulipe.

Mkazi wa Kanduyi, Bungoma

Mimi nitazungumzia dhamana, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa. Nilinunua drili ya betri katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nikaandikiwa kwenye risiti namba ya mashine na maneno "dhamana ya miezi sita". Betri moja ilikataa kuchajika ningali ndani ya muda huo. Mwenye duka alisema dhamana inahusu mota pekee. Nilimjibu kwa adabu kwamba risiti haisemi hivyo, na kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa. Nikamweleza pia kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mlalamishi anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Alinyamaza kwa muda, akaenda stoo, akanirudishia betri mpya.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna bei mbili za drili ileile mitaani: ya risiti na isiyo na risiti. Tofauti inaweza kuwa shilingi elfu moja au mbili, na watu wengi huifurahia ile ya chini. Mimi naihesabu tofauti hiyo kuwa sehemu ya bei ya betri. Angalieni pia stika ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) ya bidhaa zinazoingizwa kutoka nje, na mtume namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 mkiwa bado mmesimama dukani.

Mama wa watatu, Section 58, Nakuru

Naomba nitofautiane kidogo na wanaosema ununue kila kitu cha ukoo mmoja. Kwa nyumba ya kawaida, drili ya betri ina maana kubwa, kwa sababu kutoboa na kukaza skrubu ni kazi za muda mfupi. Grainda ni jambo jingine. Ikiwa grainda inavuta wati 600 ikikata chuma, betri ya wati-saa 36 itaisha chini ya dakika nne. Utalazimika kununua betri kubwa, na bei yake inapita bei ya grainda nzuri ya waya. Sisi tulinunua grainda ya waya pamoja na ekstensheni imara, na fedha zilizobaki tukaziweka kwenye betri ya pili ya drili, ambayo tunaitumia kila wiki.

Kuhusu kuta za zege na nguzo, drili ya betri ya kawaida yenye mapigo hutoboa tofali la kuchoma na jiwe laini bila shida, lakini kwenye lenta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, huteseka na kuchemka. Kazi hiyo tunaazima mashine ya SDS, yaani drili kubwa ya nyundo ya kutoboa zege, kwa fundi wa mtaa na kumpa kitu kidogo. Haina maana kumiliki kifaa cha kazi inayotokea mara moja kwa mwaka.

Mwalimu wa Kiamunyi, Nakuru

Nashukuru sana, hasa kwa hesabu za wati-saa. Seremala, kuna mwenzangu shuleni anayetaka kununua vifaa vya mtumba vilivyotoka Uingereza. Je, akague nini?

Seremala wa Kondele, Kisumu

Aanze na chaja. Mafundi wengi wa Uingereza hutumia stima ya volti 110 kwenye maeneo ya ujenzi, na chaja zao huwa na plagi ya njano yenye pini za mviringo. Hiyo haitufai. Chaja ya nyumbani ya Uingereza yenye plagi ya pini tatu bapa ndiyo inayoingia moja kwa moja kwenye soketi zetu.

Kisha aombe betri ichajiwe mpaka taa ya kujaa iwake, achukue biti (ncha ya kutobolea) nene, na atoboe mfululizo kwenye ubao mgumu, kwa mfano mvule, kwa dakika mbili tatu. Betri iliyochoka huonyesha taa zote, halafu ghafla taa mbili zinazimika na mota inapunguza kasi chini ya mzigo. Aishike: ikiwa upande mmoja ni wa moto sana na mwingine ni baridi, kuna seli inayougua ndani. Kwenye drili yenyewe, afunge biti ndefu na aizungushe polepole aone kama ncha inayumba, kwani chaki (kishikio cha biti) iliyolegea ni gharama nyingine. Mashine ikiwa nzima na betri zimekufa, bado anaweza kuichukua, mradi bei iwe ya mashine tupu na awe amekwisha kuona betri mpya ya ukoo huo mjini kwake. Betri akizipata, asiziache ndani ya gari juani, hasa joto la huku ziwani, na zile ambazo hazitumiki kwa miezi azihifadhi zikiwa na chaji ya karibu nusu.