Wauza RAM za zamani, hii tabia ya "si imeingia?" mtaiacha lini?

Wakuu salaam, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kuna Pentium III hapa karakana, mazabodi ya chipseti (chipu zinazosimamia bodi na memori) ya Intel 440BX, zile za 1998, inaendesha mashine ya kuchonga milango kwa kadi ya ISA (aina ya sloti za kadi za zamani) na Windows 98, na kabla hujaniambia "mkuu nunua mpya" niambie kwanza duka gani linauza kompyuta mpya yenye sloti ya ISA. Haya.

Nimeenda dukani nimebeba hadi mazabodi yenyewe, nikasema nataka SDRAM (aina ya RAM ya enzi hizo) ya pini 168, 256MB, chipseti hii hapa soma. Jamaa wala hakusoma, kachomoa stiki kwenye boksi la viatu kaichomeka, "si umeona imeingia? PC133 hiyo bosi," yaani RAM ya kasi ya MHz 133. Sasa pini 168 itaacha kuingia kwenye sloti ya pini 168?? Nafika nawasha, BIOS, ile programu ya kuwashia kompyuta, inahesabu memori inagota 131072K. Yaani 128MB! Narudi naambiwa kompyuta yako imechoka bosi, halafu risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Kompyuta haijachoka. 440BX mwisho wake ni chipu za memori za megabiti 128 kila moja (megabiti 8 ni MB 1), ukiipa za megabiti 256 inaona nusu tu au haioni kabisa. Stiki niliyopewa ina chipu 8 upande mmoja, upande wa pili peupe, kila chipu imeandikwa K4S560832, ni za Samsung, hiyo 56 ndo megabiti 256. Niliyotakiwa kupewa ina chipu 16, nane huku nane kule, K4S280832, hapo 28 ni megabiti 128. Zote stika ni 256MB PC133. Za Micron ndo hazihitaji hata akili, namba yenyewe ina 16M8 au 32M8, ya kwanza chukua ya pili achana nayo. Mtu anakula kwa kazi hii halafu kugeuza stiki asome anaona uvivu!

Fundi mmoja naye akanijia kwa kujiamini kabisa eti shida ni PC133 kwenye bodi ya MHz 100. Wapi, PC133 inashuka inatembea kwa 100 bila neno. Mwingine eti jaza 1GB umalize kazi, wakati Windows 98 ukiizidishia 512MB inaweza kuanza kulia memori haitoshi hadi ukaguse MaxFileCache (kikomo cha kache ya faili) kwenye system.ini 😂 unaiongezea memori inakwambia huna memori.

Na wenye kompyuta za 486 ndo wanalizwa zaidi, EDO na FPM (aina mbili za RAM za zamani zaidi) za pini 72 ni mapacha kabisa kwa macho, unauziwa EDO bodi nyingi za 486 hazijui hata ni nini. Wa DDR2 (RAM za miaka ya baadaye) mnazijua zile 4GB za bei chee za bodi za AMD tu, ukiweka kwenye bodi ya Intel inakugomea. Muuzaji anajua, ananyamaza.

Mwenye 256 ya chipu 16 aweke picha hapa, pande zote mbili, namba za chipu zisomeke. Stika sitaki kuiona. Bei aiandike hapahapa, mambo ya "njoo inbox" sitaki.